Mama Aliyeandikwa Kitabuni

Kitabu cha kambi kiliandika kwamba mimi, Zuwena, nilikuwa na watoto wawili. Sijazaa hata mmoja. Wanaume wawili walinioa na wote wawili waliniacha kwa sababu hiyo, nikabaki na mitungi yangu ya mawese hapa Rumonge, ulimi mkali, na kibanda kilichopakana na nyumba ya Biasha. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikwenda kambini kumwibia mwenzangu mtoto. Kama niliiba, niliiba baadaye, na nitafika huko.

Mwaka ule Wadachi, ndio Wajerumani waliotutawala, walikuwa wakifyekesha vichaka vyote kando ya ziwa kwa sababu ya malale. Walisema mbung'o hukaa vichakani, na mtu akiumwa naye hupata homa, kisha tezi za shingo huvimba, kisha huanza kusinzia mbele ya chakula chake, na mwisho hafumbui macho tena. Wavuvi walikatazwa kutia mitumbwi popote isipokuwa sehemu moja iliyofyekwa. Amissi, mume wa Biasha, alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, mtu wa mzaha ambaye hakuwahi kulala mchana. Alianza kusinzia akiwa ameshika kamba ya wavu. Tulimzika kabla mvua hazijaanza, akamwacha Biasha na binti wa miaka mitano, Asiya, na Radjabu wa miezi saba aliyekuwa bado ananyonya.

Biasha akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane haolewi, hajipambi, wala hatoki ovyo. Hiyo ni dini na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe. Waislamu wa Rumonge wa siku zile wengi tulikuwa wapya. Dini ilitujia na wafanyabiashara wa Ujiji, na tuliogopa mno kukosea, tuliogopa watu wa Ujiji watucheke kwamba tu washenzi tuliovaa kanzu. Kwa hiyo kila sharti tuliloambiwa tulilibebesha sharti jingine. Mwalimu Mbaraka, aliyewasomesha watoto wetu Kurani, na ambaye wazazi wake mwenyewe kule Kizuka walikufa bila kujua swala, aliamua kwamba mjane asivuke kizingiti hata nyumba ikishika moto. Hakuna aliyembishia. Maji ya kuoga nilimpelekea Biasha mimi, na kuni, na sombe, majani ya muhogo, nilipoipata.

Lakini mimi naye tulikuwa tunalia njaa. Wavuvi walikuwa wachache, wachimba muhogo walikuwa wanafyeka vichaka vya serikali, na mawese yangu hayakuwa na wa kuyanunua. Radjabu akaanza kukonda. Alivuta titi la mama yake asubuhi mpaka jioni, halafu akalia kwa sauti ndogo ambayo ilinitoa nyumbani kwangu nikae barabarani nisiisikie.

Hapo ndipo ulipokuja msaada. Karani wa kambi ya wagonjwa wa malale aliitwa Asmani, mtu wa pwani ya bahari aliyesoma shule ya serikali, kanzu safi na viatu vya ngozi vilivyolia kila alipopiga hatua. Alisimama sokoni akasoma barua. Akina mama fulani wa Ulaya walikuwa wamesikia habari za malale, wamechanga walichochanga, na wametuma maziwa ya makopo, maharage, chumvi na nguo kwa ajili ya akina mama waliofiwa na waume kwa ugonjwa ule, pamoja na watoto wao. Sharti lilikuwa moja. Mama aje mwenyewe kambini kila Jumamosi, na watoto wake wote. Mtu kumchukulia mwingine hakuna, alisema, kwa maana tayari kule Minago watoto watatu walipelekwa mara mbili siku moja, asubuhi na nyanya yao, mchana na shangazi.

Siwatukani akina mama wale, na sitaki mtu awatukane mbele yangu. Walinyima nyumba zao wakawapa watoto wasiowajua. Hawakuwa wamewahi kusikia neno eda, basi.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mbaraka kumwomba amruhusu Biasha atoke Jumamosi moja tu. Akaniambia riziki ni ya Mungu na anayesubiri hupewa. Nikamwambia Mungu ameshaileta riziki mpaka mlangoni pa kambi, ni yeye Mwalimu aliyefunga mlango wa upande huu. Alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini, akaendelea na wanafunzi wake. Nilirudi nimefura, na hasira ile ndiyo iliyonipa akili.

“Nipe watoto,” nikamwambia Biasha. “Nitasema ni wangu.”

“Watakuamini?”

“Muzungu atajua nani alizaa nani? Na karani iko mugeni hapa. Watu wetu hawatasema.”

Alicheka, mara ya kwanza tangu Amissi afe. Kisha akamwita Asiya, akamketisha mkekani, akaanza kumfundisha. Naomba ikumbukwe kwamba aliyemfundisha ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Alimuuliza mama yako nani, mtoto akajibu Biasha. Akamwambia hapana, sema mama yangu ni Zuwena. Akamrudishia na kumrudishia, kwa sauti ileile ambayo Mwalimu hutumia kufundisha Alhamdu, mpaka mtoto akalishika. Asiya aliona ni mchezo mzuri. Mama yake akamshika kidevu akamwambia si mchezo: akisema vizuri Radjabu atapata maziwa, na akikosea Radjabu hatapata. Mtoto akaacha kucheka. Tangu siku ile alilibeba jambo lile kuliko sisi wakubwa.

Jumamosi nikaenda, Radjabu mgongoni, Asiya mkononi. Karani Asmani aliniuliza jina, jina la marehemu, na watoto. Alitazama kifua changu, akauliza kama nanyonyesha. Nikasema maziwa yamekauka kwa msiba. Akaandika. Kisha akainama kumuuliza Asiya, na Asiya akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje: mama yangu ni Zuwena. Tukapewa makopo, maharage na chumvi. Jioni ile Radjabu alikunywa mpaka akatapika, akanywa tena. Biasha alikaa anamtazama, machozi yanamtiririka, na mimi nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote wa Rumonge.

Tulikwenda hivyo Jumamosi tano. Wanawake wa foleni, wa Kizuka na wa Minago wasionijua, wakaanza kuniita Mama Asiya. Nilizoea haraka. Nitasema kweli, nililipenda jina lile kuliko maharage. Nilikuwa nikitembea polepole kurudi nyumbani ili niitwe mara moja zaidi.

Jumamosi ya sita bwana mganga mwenyewe alikuwapo. Alikuwa Mdachi mrefu mwenye mikono baridi, hakuwa mkali, na aliagiza kila mtoto anayepokea msaada apimwe. Wakapita mmojammoja anawapapasa shingo. Alipofika kwa Asiya vidole vyake vilisimama. Akapapasa tena, upande huu na upande ule, akasema neno kwa karani. Karani akaniambia mtoto ana malale, ataingia kambini leo hii, na mama yake ataingia naye kumuuguza. Watoto wa kunyonya hawalali kambini.

Hapo ndipo ningesema. Nimejiambia hivyo maisha yangu yote. Ningesema mama yake si mimi, mama yake amekaa hatua mia nane kutoka hapa, mwiteni. Lakini wiki iliyotangulia mwanamke mmoja aligunduliwa amekuja na mtoto wa dada yake. Alifutwa kitabuni, watoto wake wote wakafutwa, na kaka yake akapigwa viboko mbele yetu. Nilikuwa na Radjabu mgongoni, mashavu yake yameanza kujaa nyama. Nikanyamaza. Karani akauliza huyu mdogo utamwacha kwa nani, nikasema kwa jirani. Jirani anaitwa nani, nikasema Biasha. Akaandika: Biasha, jirani.

Walinipa ruhusa ya kumpeleka Radjabu na kurudi. Biasha alinisikiliza akiwa amesimama ndani ya mlango. Nilipomaliza alitoa mguu mmoja nje ya kizingiti, ukakanyaga udongo, kisha akaurudisha ndani. Zilikuwa zimebaki siku sabini na nne. Alisema akivunja eda Amissi atauliziwa kaburini. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Pengine kwa Mwalimu, pengine kwa hofu yake tu.

“Umutunze,” aliniambia. “Mwambie nakuja siku ileile eda inakwisha. Si kesho yake. Siku ileile.”

Kambi ilikuwa vibanda vya nyasi ndani ya ua wa miti, juu kidogo kutoka ziwani, mahali palipofyekwa pakabaki peupe. Asiya alivishwa kibati cha namba shingoni, akaanza kudungwa sindano. Chakula kilikuwapo, siwezi kusema uongo. Tulikula maharage kila siku, na kila Jumamosi fungu la Radjabu nililipeleka kwenye ua, na aliyekuja kulipokea kwa niaba ya Biasha alikuwa Mwalimu Mbaraka. Alisimama upande wa pili, anatazama chini, ananiuliza hali ya mtoto. Nilimjibu anaendelea vizuri.

Wiki za kwanza Asiya aliuliza mama yake kila asubuhi. Nilimziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu vibanda vilikuwa karibu na wanawake wana masikio. Nikamwambia humu ndani mama ni mmoja tu, mama Zuwena, hata tukiwa wawili peke yetu asimtaje mwingine. Mwezi ulipokwisha akaacha kuuliza. Alikuwa akilala ameniegemea, mkono wake ndani ya kaniki yangu, akiamka ananiita mama bila kuambiwa. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Hicho ndicho nilichoiba. Mengine nililazimika, hicho sikulazimika.

Wiki ya saba ya sindano nilimpa bakuli, akanyoosha mkono akashika hewa. Nikadhani ni usingizi. Nikalisogeza, akashika hewa tena. Bwana mganga akaja, akapitisha mshumaa mbele ya macho yake, huku na huku, akauzima. Dawa ile ilikuwa imewapofusha wengine vilevile. Alipunguza sindano, lakini macho hayakurudi, na malale nayo haikungoja. Asiya akaanza kulala mchana, kwanza kidogo, kisha sana.

Jumamosi ile Mwalimu aliniuliza hali ya mtoto. Nikasema anaendelea vizuri.

Nimejiuliza kwa nini. Nilijiambia kwamba Biasha akijua atavunja eda, na dhambi itakuwa juu yangu. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba akijua angekuja, na akija, kiganja kile ndani ya kaniki yangu kingetoka.

Zilipobaki siku kumi na moja Mwalimu Mbaraka alikuja uani mapema kuliko desturi yake, na hakutazama chini. Macho yalikuwa mekundu. Aliniambia shehe mmoja mkubwa wa Ujiji amepita Rumonge akielekea kaskazini, akalala kwake, na katika mazungumzo Mwalimu akamsimulia kwa fahari habari za mjane wetu anavyoshika eda, hata mtoto wake anaumwa yeye hajavuka kizingiti. Alitegemea sifa. Shehe akaweka kikombe chini akamuuliza nani amemfunga mwanamke huyo. Mjane mwenye haja hutoka mchana, akashughulikia haja yake, akarudi kulala kwake. Na haja gani inapita mtoto mgonjwa? Alisema hata wanafunzi wa chuoni Ujiji wanajua hilo.

“Nimekosea, Mama Zuwena,” Mwalimu alisema. “Siku zote hizi angeweza kuja.”

Nilitaka kumrukia kupitia ua ule. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa mengi, na yote yalikuwa mazuri. Lakini alisogea pembeni, na nyuma yake alikuwa amesimama Biasha katika nguo zake za eda, amefunga Radjabu mgongoni. Sikuwa nimemwona siku sitini na tatu. Hasira yote ikaniisha, nikaogopa.

Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, Karani Asmani alikuwapo langoni na kitabu chake. Akamuuliza yeye ni nani. Biasha alitazama kitabu, akamtazama Radjabu aliyenona mpaka ana vikunjo mapajani, akanitazama mimi.

“Jirani,” akasema. “Nakuja kuona mugonjwa.”

Karani akaruhusu kwa muda mfupi, akatufuata mpaka kibandani. Hatua hamsini zile nilikuwa na nafasi ya kumwambia habari za macho, nami sikupata mdomo. Biasha aliingia, akapiga magoti. Asiya alikuwa macho saa ile, amelala ubavu, anatazama ukuta wa nyasi, na nilipoketi kando yake mkono wake ukaingia ndani ya kaniki yangu. Biasha alipitisha mkono mbele ya uso wake. Macho hayakufuata. Akageuka akanitazama, na sina haja ya kueleza alivyonitazama, kwa sababu sijaacha kutazamwa hivyo mpaka leo.

Kisha akasahau alikuwa wapi. Akamwinamia mtoto akasema polepole, “Asiya. Miye nani?”

Nilimwona mtoto akiitambua sauti. Uso mzima ulibadilika, midomo ikafunguka, mkono ukatoka kwenye kaniki yangu ukaenda kutafuta, ukaishika nguo ya mama yake ukaikaza. Halafu viatu vya karani vikalia pale mlangoni. Mtoto akavisikia. Mkono ukalegea. Akavuta pumzi akasema kwa sauti ile aliyoitumia siku ya kwanza, lakini sasa imekwisha nguvu:

“Mama yangu ni Zuwena.”

Biasha hakusogea. Karani alikuwa amegeuza uso anatazama nje, amechoka na harufu ya kibanda. Asiya akatafuta sikio la mama yake kwa vidole, akalivuta karibu, akanong'ona. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

“Nimesema vizuri, mama? Radjabu alipata maziwa?”

“Umesema vizuri,” Biasha akamjibu. “Alipata.” Hakuthubutu kusema mwanangu. Niliona neno likimfika mdomoni akalimeza. Karani akasema muda umekwisha, naye akainuka, akaufungua mkono wa mtoto kidole kimoja kimoja, akatoka bila kugeuka.

Asiya alilala jioni ile na hakuamka tena. Alivuta pumzi mpaka Jumanne mchana, nikiwa nimemweka mapajani, kisha akaacha.

Walimzika pamoja na moyo wangu, lakini kitabuni mambo yalikwenda sawasawa. Bwana mganga alitoa pole. Karani Asmani akafungua ukurasa wangu, akapiga mstari juu ya jina moja, akaniambia fungu la yule mdogo litaendelea mpaka afike miaka miwili, ndivyo walivyoagiza akina mama wa Ulaya. Akanipa vilevile kipande cha nguo nyeupe, wanachopewa akina mama waliofiwa na mtoto. Nilikipokea kwa mikono miwili. Ningefanya nini kingine? Radjabu alikuwa na miezi kumi na moja.

Watu wa Rumonge waliruhusiwa kuingia baada ya maziko kunipa mkono wa pole. Niliketishwa kwenye mkeka mbele ya kibanda, nguo ile nyeupe magotini, na karani akasimama kando kuangalia wageni wasizagae kambini. Wote walijua. Wote, kuanzia Mwalimu Mbaraka, ambaye alilia mpaka akashikwa mkono kuondolewa, walipita mmojammoja wakaniambia pole Mama Asiya, na kila mmoja alipolisema aliinamisha uso.

Biasha alikuwa katika foleni, nyuma ya wauza ndagala wawili, Radjabu mgongoni amelala. Hakuitwa mbele, hakupishwa. Alingoja zamu yake. Ilipofika akapiga goti, akanipa mkono wake, ulikuwa baridi, akanitazama usoni.

“Pole, Mama Asiya,” akasema.

Nami nikaushika mkono ule nikamshukuru, murakoze, kwa sababu karani alikuwa anatutazama.